Simu ya batani kwa mama wa Tandahimba: nikague nini kabla ya kulipa?

SWALI: Shikamoo fundi. Mama yangu ana miaka 63, ni mkulima wa korosho huku Tandahimba. Mwaka jana nilimnunulia simu ya batani mnadani. Haikumaliza miezi mitano, sifuri ikaanza kujiandika mara mbili. Mama alitaka kumtumia mtu 5,000, ikaenda 50,000, na mpaka leo tunadaiana na aliyepokea. Tena akiwa shambani mchana anasema kioo hakionyeshi kitu. Nataka nimnunulie nyingine, lakini kila muuzaji ananisifia betri na laini mbili tu. Upande wa batani na kioo nikague nini mwenyewe? Na hii ya zamani nitupe?

JIBU: Marahaba dada, na mpe mama pole zangu. Hiyo sifuri nimekutana nayo mara nyingi hapa mezani kwangu Mtwara mjini, na inaniuma kila mara, kwa sababu anayepoteza hela huwa hajakosea chochote. Amebonyeza mara moja, simu imehesabu mbili.

Ukiielewa sababu, utajua cha kukagua. Juu ya batani kuna raba unayoigusa. Chini ya raba kuna karatasi nyembamba iliyobandikwa vibati vya chuma, kila kimoja kama kibakuli kidogo kilichofunikwa kifudifudi. Chini yake ni bodi, yenye duara ndani ya duara. Ukibonyeza, kibakuli kinabonyea, kinaunganisha duara la nje na la ndani, umeme unapita. Ukiachia, kinaruka kurudi juu. Ule mlio wa "tik" unaousikia kidoleni ni hicho kibati. Hata kikiwa kipya hakigusi kwa utulivu, kinarukaruka kwa muda mfupi sana, na programu ya simu imeandikwa isubiri kidogo kabla ya kuhesabu. Kibati kikilegea au kikiingia uchafu, kurukaruka huko kunazidi muda ambao simu inausubiri. Hapo ndipo sifuri moja inapokuwa mbili.

Kwa nini ianze sifuri? Mtu anayetumia simu kutuma na kupokea pesa anazichosha zaidi sifuri, moja, nyota (*), reli (#) na ile batani ya katikati ya OK. Hesabu mwenyewe: kufungua tu menyu ya *150*00# ni nyota mbili, sifuri tatu na reli, kabla hujaandika namba ya mtu wala kiasi. Na angalia hatari ilipo. Namba ya simu ina tarakimu 10, ikizidi moja mama ataiona au mtandao utaikataa. Kiasi cha pesa hakina ukomo wa namna hiyo. 5,000 na 50,000 zote ni namba halali. Namba ya siri ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu kwenye kioo zinaonekana nyota tupu. Tarakimu ikijirudia, mama ataambiwa amekosea, atarudia, atakosea tena, mwishowe akaunti itafungwa naye akidhani amesahau.

Kwa hiyo dukani anza hapa. Omba simu iwashwe, nenda sehemu ya kupigia, bonyeza sifuri mara 10 polepole kisha uhesabu zilizotokea. Futa. Bonyeza tena mara 10 haraka haraka. Futa. Halafu bonyeza kwa ncha ya kidole kwenye pembe ya batani, siyo katikati, maana mkono uliochoka haulengi katikati. Zikitokea 9 au 11, irudishe, hata muuzaji akikuambia "itazoea". Haizoei, inaongezeka. Fanya hivyo kwa batani zote, kisha andika *#06#. Namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15 itajitokeza yenyewe (simu ya laini mbili ina namba mbili), na hapo hapo umeshapima nyota na reli. Ilinganishe na iliyo kwenye boksi na chini ya betri, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 uone inasomeka kuwa simu gani. Usiruke hatua hiyo. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu bandia usiku wa tarehe 16 Juni 2016, na wapo waliobaki na simu nzima isiyoshika mtandao.

Sasa umbo la batani zenyewe. Kuna simu zinazopendeza kabatini, batani zake zimelala bapa kama kipande kimoja cha plastiki, na kilichotenganisha 4 na 5 ni mstari uliochorwa tu. Usimnunulie mama hiyo. Mkono ulioshika jembe na panga miaka 40 una ngozi ngumu, hauhisi mstari wa rangi. Unataka batani zilizonyanyuka, kila moja ina mgongo wake, na safu zimeachana. Papasa batani ya 5, ni lazima iwe na nukta au kijistari cha kunyanyuka. Kidole gumba kikiipata 5 bila kuangalia, nyingine zote nane zinazoizunguka zinajulikana zilipo. Kwa macho yanayoanza kuchoka nukta hiyo ina kazi kubwa kuliko kamera. Fumba macho, andika namba yako mwenyewe, fumbua. Ukikosea wewe kijana, mama atakosea zaidi.

Ikiwa mama amezoea kikokotoo cha dukani, atachanganya mwanzoni, kwani kikokotoo huweka 7, 8, 9 juu na simu huweka 1, 2, 3 juu. Mpangilio huu wa simu ni wa tangu simu za batani zilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 1963, zikiwa na batani 10 tu. Nyota na reli ziliongezwa mwaka 1968. Hazikuwekwa kwa ajili ya kutuma pesa, lakini leo mkulima wa Tandahimba hawezi kuishi bila hizo mbili, ndiyo maana ninasisitiza uzipime kama unavyopima sifuri.

Kama mama anaandika meseji, usiandike "hello" kama wauzaji wanavyofanya. Andika "baba". Herufi a na b zote zinakaa kwenye batani ya 2, kwa hiyo neno hilo linatoka kwenye batani moja kwa mibonyezo sita, na baada ya kila herufi lazima usubiri simu ikubali ndipo uendelee. Simu nyingine zinasubirisha mno, nyingine zinakimbia kiasi kwamba b inageuka c kabla hujaachia. Kisha andika "korosho". Hilo linadai mibonyezo 20 kwa herufi saba, wakati "Mtwara" linakwenda kwa minane. Ukiweza kuandika "baba" na "korosho" bila kurudi nyuma, batani zinafaa. Ukishindwa, jaribu kusogeza mshale wa kulia baada ya kila herufi, kwa simu nyingi unaondoa kusubiri. Na ile huduma ya kubashiri maneno izime kabisa kama kamusi yake ni ya Kiingereza. Mama ataandika "nipo" na simu itamletea neno asilolijua.

Batani za kuongozea hazihitaji maneno mengi. Ile ya mishale iwe kubwa, na OK yake ya katikati iwe imeshuka au imenyanyuka kuliko mishale, isiwe sawa nayo. Teremka kwenye orodha ya majina hatua 10, uone kama inaruka mbili mbili. Batani nyekundu ya kukatia ikae mbali na ya OK. Tochi iwake kwa batani moja, siyo kwa kuingia menyu, maana nyoka hasubiri menyu. Funga batani, iviringe simu kwenye pindo la kanga jinsi mama anavyoibeba, ikunjue. Ikiwa imejifungua na kuanza kupiga, hiyo itamla salio.

Kioo ukikague nje ya duka, siyo ndani. Mwambie muuzaji mtoke wote barazani, kati ya saa 5 na saa 8 mchana, jua likiwa kali. Simu za zamani za rangi moja, kama Nokia 1100 iliyotoka mwaka 2003, zilikuwa na kioo kinachorudisha mwanga wa nje, kwa hiyo jua lilizisaidia kusomeka. Vioo vya rangi vya simu ndogo za leo vinategemea taa yao ya ndani, na taa hiyo haiwezi kushindana na jua la Newala saa 6 mchana. Hivyo mama hakudanganya wala macho yake hayana kosa. Tafuta kwenye mipangilio sehemu ya mwanga, upandishe mpaka mwisho, uchague mandhari yenye maandishi meusi juu ya nyeupe, na uondoe ile nailoni ya kiwandani inayometameta. Baada ya hapo soma. Usiishie kwenye saa kubwa ya mbele, fungua ujumbe mfupi usome maneno madogo.

Inamishe simu mbele, nyuma, kushoto, kulia. Vioo vya bei nafuu vina upande mmoja ambao rangi zinageuka, nyeusi inakuwa nyeupe. Upande huo upo karibu katika kila simu ndogo, swali ni uko wapi. Ukiwa upande wa chini wa kioo, kwa mtu anayeweka simu mezani na kuitazama kutoka kiti, haifai. Kwa mama anayeishika mkononi, cha kuangalia ni mwinamo wa mkono wake.

Halafu ukubwa wa herufi, na hapa watu hukosea. Wananunua simu yenye tarakimu kubwa za kupigia, wanafurahi, kumbe ndani ya menyu ya pesa herufi ni ndogo zilezile. Ujumbe wa menyu hizo unaweza kufika herufi 182, na kioo cha inchi 1.8 hakiwezi kuzionyesha zote kwa maandishi makubwa, lazima uteremke. Fungua menyu ya pesa bila kutuma chochote. Angalia inaonyesha mistari mingapi kwa mara moja, na kama kuna alama ya kumwonyesha mtu kwamba maneno yanaendelea chini. Pale mtandao unapomuuliza mama athibitishe, jina la mpokeaji na kiasi vinapaswa kuonekana pamoja. Kama kiasi kimejificha chini, ndipo 50,000 inapopita bila kuonekana. Tena usiogope kumfundisha aache muda uishe. Menyu hizo hujifunga mtu akikawia, na ikijifunga kabla hajaweka namba ya siri, hajapoteza senti.

Kitu cha mwisho kinatuhusu sisi wa kusini. Kuanzia mwezi wa Juni mikorosho inapotoa maua, mama anapulizia salfa kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na vumbi lile halibaki kwenye miti tu. Salfa huigeuza shaba na madini ya fedha kuwa nyeusi, na weusi huo haupitishi umeme vizuri. Ongeza maji ya mabibo wakati wa mavuno, yanayokauka kama gundi, na kwa ndugu zetu wa Msimbati na Mikindani ongeza chumvi ya bahari. Kwa hiyo chagua simu ambayo raba ya batani ni kipande kimoja kisicho na mianya, ingawa kila batani imenyanyuka juu yake, siyo batani moja moja zilizopachikwa kwenye matundu. Pitisha ukucha pembeni mwa batani. Ukiingia, na vumbi litaingia. Siku za kupulizia, simu ikae kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa, batani zinabonyezeka vizuri tu juu ya nailoni.

Ukiweza, dada, nenda na mama mwenyewe. Vipimo hivi vyote ukivifanya kwa kidole chako vinakupa nusu ya jibu. Akishindwa kufika, muulize anashika simu kwa mkono upi na anabonyeza kwa kidole gani, kisha wewe jaribu kwa mkono huohuo. Na kabla hujatoka dukani weka lugha ya Kiswahili, kwani baadaye kuitafuta ndani ya menyu ya Kiingereza au Kichina ni kazi.

Hii ya zamani usiitupe. Usimruhusu mtu aimwagie petroli, raba inavimba na kioo kinaingia ukungu. Fundi ataifungua, atasafisha duara za bodi kwa spiriti na mswaki laini, na karatasi ya vibati ikiwa imechoka ataibandua na kuweka nyingine. Ikirudi, irudie ile hesabu ya sifuri 10. Zikitoka 10 polepole, 10 haraka na 10 kwenye pembe, iweke nyumbani kama simu ya akiba ya kupokelea. Laini ya pesa iingie kwenye mpya.