Mikanda sita ya tani 5, na bado nondo zinasogea: tatizo liko wapi?

SWALI: Mhandisi, salaam. Naendesha trela bapa, lile la sakafu tupu lisilo na kuta za pembeni. Mara nyingi napakia nondo za mita 12, tani 10 hivi, na safari nyingine matofali kwenye pallet. Nondo nazifunga kwa mikanda sita ya racheti, na kila mmoja lebo yake inasema 5000 daN, yaani tani 5. Kwa hesabu yangu nina nguvu ya tani 30 juu ya mzigo wa tani 10. Lakini nikikanyaga breki ghafla, nondo zinasogea mbele. Niongeze mikanda mingapi? Na je, naruhusiwa kuchanganya minyororo na mikanda?

JIBU: Salaam, ndugu dereva. Kwanza, usiondoke tena na nondo zilizofungwa hivyo. Nondo zikishaanza kusogea, kilicho mbele yake ni ukuta wa trela, na nyuma ya ukuta huo umekaa wewe. Chuma chembamba kinachosukumwa na uzito wa tani kadhaa hutoboa bati bila shida.

Sasa tuitazame hesabu yako. Kwenye lebo ya mkanda kuna namba mbili muhimu, na uliyoisoma si inayohusika na ufungaji wako. Namba yenye herufi LC ndiyo uwezo wa mkanda kuvutwa. Mkanda wa upana wa milimita 50 kwa kawaida huwa na 2500 daN ukivutwa moja kwa moja, na 5000 daN ukizungushwa kitanzi. Namba ya pili ina herufi STF. Hii ni nguvu inayobaki kwenye mkanda baada ya kukaza racheti kwa mkono wako, na kwa mikanda mingi ni kati ya 300 na 500 daN.

Ukipitisha mkanda juu ya mzigo na kuufunga pande zote mbili, mkanda haujaushika mzigo. Unaukandamiza tu kwenye sakafu, na msuguano ndio unaozuia mwendo. Kwa hiyo tani 5 za LC hazifanyi kazi yoyote hapo. Kinachofanya kazi ni STF. Tuchukue 400 daN, karibu sawa na uzito wa kilo 400. Mikanda sita, kila mmoja ukivuta chini pande mbili, inakupa mkandamizo wa tani 4.8. Jumlisha tani 10 za nondo zenyewe, unapata 14.8.

Kwa upande mwingine, viwango vya Ulaya na kanuni za Marekani vyote vinataka mzigo uzuiwe kwenda mbele kwa nguvu ya 0.8 ya uzito wake, na nusu ya uzito wake kwenda pembeni na nyuma. Mzigo wako basi unahesabiwa kusukuma mbele kwa tani 8. Nondo zikikaa juu ya boriti za mbao kavu, mimi huchukua kipimo cha msuguano cha 0.4, yaani msuguano huzuia 0.4 ya uzito unaokandamiza sakafu, na hapo 14.8 inazuia tani 5.9 tu. Zikikaa juu ya chuma laini chenye rangi, kipimo hushuka hadi 0.2 na unabaki na tani 3. Ndiyo sababu zinasogea.

Na hapo nimekuhurumia, kwa kuwa nimedhani mikanda yako inashuka wima. Rundo la nondo huwa na kimo kifupi na hukaa katikati, kwa hiyo mkanda hulala kuelekea ukingoni. Mkanda ukifanya digrii 30 na sakafu, mkandamizo wake ni nusu tu ya ule wa mkanda wima. Isitoshe, upande usio na racheti hukaza kidogo kuliko wenye racheti, maana mkanda husuguana na kona za mzigo. Panga racheti kwa zamu, moja kulia, nyingine kushoto.

Umeuliza uongeze mingapi. Kwa kanuni ya kiwango cha Ulaya EN 12195-1, pamoja na nyongeza yake ya usalama, kuzuia tani 10 kwenda mbele juu ya mbao kwa mikanda ya kukandamiza pekee kunahitaji mikanda 16 iliyo wima. Juu ya chuma laini chenye rangi ni zaidi ya 40, jambo lisilowezekana. Lakini ukiweka mikeka ya mpira yenye kipimo cha 0.6 chini ya mzigo, mikanda sita wima inatosha. Mpira hauna budi uwe pia kati ya tabaka na tabaka, la sivyo tabaka la juu litateleza juu ya la chini. Fagia sakafu kabla ya kuutandika, kwa sababu mchanga chini ya mzigo ni kama gololi.

Hata hivyo, kwa nondo mimi siridhiki na msuguano pekee. Ndani ya fungu kuna nondo za katikati ambazo mkanda haujazigusa kabisa, na hizo huchomoka peke yake. Kwa hiyo lazima pawe na kizuizi mbele. Ikiwa ekseli na kichwa vinaruhusu uzito ukae huko, sukuma mzigo mpaka ugusane na ukuta wa mbele, na weka mbao nene wima kati ya ncha za nondo na ukuta ili msukumo utawanyike. Ukiwa na boriti chini, msuguano wa uzito wenyewe unazuia tani 4, ukuta unabeba 4 zilizobaki. Jua ukuta wako umetengenezwa kubeba nini: kuta nyingi za kawaida za Ulaya huhesabiwa kwa tani 5 tu. Ungekuwa na tani 24, ukuta wa namna hiyo usingekutosha peke yake. Mzigo ukishazuiwa mbele hivyo, mikanda minne wima inatosha kwa upande wa pembeni. Mimi ningebaki na sita yako.

Ikiwa mgawanyo wa uzito hauruhusu nondo kufika ukutani, usiache pengo wazi. Simamisha pallet imara au mbao nene mbele ya ncha zote, kisha pitisha mkanda kutoka pete ya kufungia iliyo ukingo wa kulia wa trela, uzunguke mbele ya mbao hizo, urudi pete ya kushoto, pete zote mbili zikiwa nyuma ya ncha hizo ili mkanda uvute kurudi nyuma. Hapa ndipo LC yako inapopata kazi. Tumia miwili ya namna hiyo kwa tani 10, na uangalie uwezo wa pete, kwa kuwa kwenye matrela makubwa nyingi ni za tani 2 tu, yaani mkanda una nguvu kuliko mahali ulipofungwa. Kila fungu pia lizungushwe mkanda likiwa limebanwa pamoja kabla ya mikanda ya juu.

Kuhusu minyororo: usiichanganye na mikanda kwa kazi ileile upande uleule. Mkanda wa poliesta unaweza kunyumbuka hadi asilimia 7 unapovutwa kufikia LC yake, mnyororo haunyumbuki kiasi hicho. Mnyororo utabeba mzigo wote peke yake huku mkanda ukingoja. Kutumia minyororo kuzuia mbele na mikanda kukandamiza ni sawa.

Matofali ni rahisi zaidi. Pallet zigusane bila nafasi, safu ya kwanza iegemee ukuta wa mbele, na kila safu ipate mikanda yake juu ya kinga za kona zilizo ndefu kiasi cha kugusa matofali mengi. Plastiki iliyofungwa kiwandani inashikanisha matofali tu, haiyashikishi kwenye trela. Turubai nalo ni la mvua.

Mkanda uliochanika ukingoni, uliofungwa fundo au uliopoteza lebo, utoe kazini. Usiongeze bomba kwenye mpini wa racheti ili ukaze zaidi. Unaivunja bila kujua. Baada ya kuondoka, simama ukague. Kanuni za Marekani zinataka ukaguzi ndani ya kilomita 80 za kwanza. Kwa nondo mimi husimamisha gari mapema zaidi, mara tu baada ya barabara mbovu ya kwanza, kwa sababu vyuma vikishatikiswa hujipanga upya, rundo linashuka na mikanda inalegea.