Kabla hujaamua ugomvi, angalia ulivyouliza

Nakaa kwenye kamati ya sheha, yaani kiongozi wa mtaa, huku kwetu Pemba, na kesi zetu ni zile zile: mpaka wa kiambo, mbuzi kala muhogo, mikarafuu iliyokodishwa, vespa iliyomgonga mtu njiani. Anayesikiliza kwa mara ya kwanza hudhani mmoja kati ya wale wawili ni muongo. Mara nyingi si hivyo. Kila mmoja anasema anachokikumbuka, na ukimletea msahafu ataapa.

Mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Elizabeth Loftus, pamoja na mwenzake John Palmer, walilionesha jambo hili mwaka 1974. Waliwaonesha wanafunzi filamu za magari yakigongana, kisha wakawauliza yalikuwa na mwendo gani. Filamu zilikuwa hizo hizo kwa wote, ila swali lilibadilishwa neno moja. Walioulizwa kuhusu magari "yalipobamizana" walikadiria kwa wastani kama kilomita 66 kwa saa. Walioulizwa kuhusu magari "yalipogusana" wakasema kama 51. Katika jaribio la pili, watu waliitwa tena baada ya wiki moja, wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Filamu haikuwa na kioo chochote kilichovunjika. Hata hivyo, katika watu 50 walioulizwa kwa lile neno kali, 16 walisema wameviona. Kwa walioulizwa kwa neno la kawaida, "yalipogongana", walikuwa 7 katika 50.

Sasa sikiliza sisi tunavyouliza: "Huyo wa vespa alikuja mbio kiasi gani?" Mbio tumeshaitia sisi wenyewe, na shahidi hajafungua mdomo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayesuluhisha watu, awe sheha, mwalimu wa skuli au mama mwenye watoto wanaogombana: sema "Hebu nieleze, ilikuwaje?" kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Mpemba akishajua mwisho wa hadithi hawezi kukusubiri ufike. Lakini Ronald Fisher na Edward Geiselman, waliotunga njia ya kuwahoji mashahidi miaka ya 1980, walisisitiza hilo hilo: usimkatize. Kwanza mrudishe kwa mawazo pale pale. Alikuwa amesimama wapi? Jua au mvua? Alikuwa anakwenda kufanya nini? Mwache aseme yote, hata anayoyaona hayana maana. Nimeona mzee akikumbuka shina la mpaka kwa sababu tu alianza kueleza alikuwa amebeba nini siku ile.

Pili, wahi kabla ya baraza la kahawa. Tukio likitokea asubuhi, ikifika alasiri watu wameshakaa, wamelizungumza na kahawa, na hadithi imekuwa moja. Sisi tukisikia watu watano wakisema sawasawa tunaona ushahidi umetimia. Mwaka 2003 Fiona Gabbert na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu wawili wawili waliamini wameona video moja, kumbe kila mmoja kaoneshwa tukio hilo kutoka upande wake. Wakaachwa wazungumze. Walipoulizwa mmoja mmoja, asilimia 71 walitaja angalau jambo moja ambalo hawakuliona ila wamelisikia kwa mwenzao. Ndiyo maana mimi huuliza kila mtu peke yake, na kila kipande muhimu hukifuatisha na swali hili: "Hili uliliona mwenyewe au uliambiwa?" Watu hawachukii. Wengine husita, na kusita huko kunanisaidia zaidi kuliko kiapo.

Maana uhakika wa mtu si kipimo. Chombo cha anga cha Challenger kiliporipuka Januari 28, 1986, Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwaandikisha wanafunzi siku iliyofuata: ulikuwa wapi, nani alikwambia? Baada ya miaka kama miwili na nusu wakawauliza tena wanafunzi 44. Robo yao hawakupata hata jambo moja sawa na walivyoandika, na wengi walikuwa na uhakika mkubwa. Walioneshwa mwandiko wao wenyewe, na bado kumbukumbu ya mwanzo haikurudi. Huku kwetu mtu mzima atakueleza alikuwa wapi alipopata habari ya kuzama kwa meli ya Spice Islander, Septemba 2011. Simkatalii mtu msiba wake. Lakini kama lingekuwa shauri la mali, ningeomba karatasi.

Na karatasi ndiyo tunayoikimbia. Mtu anakodisha mikarafuu kwa shemeji yake, msimu mmoja au miwili, wanapeana mikono basi. Ukimwambia aandike, atajibu, "Ndugu yangu mwenyewe nimwandikishe?" Aya ya 282 ya Surat al-Baqara tunaisoma tangu chuo cha Kurani: deni la muda liandikwe, liwe dogo au kubwa, na washuhudie watu. Kama unaona haya, mwambie shemeji kwamba wewe ndiye msahaulifu. Andikeni siku hiyo hiyo: miti mingapi, ipi, misimu mingapi, fedha kiasi gani. Kila mmoja abaki na nakala.

Kwa watoto nina ukali zaidi. Mtoto karudi analia, mama anamshika mkono: "Nani kakupiga? Ni mtoto wa jirani, eee?" Mtoto mdogo hufuata mtu mzima anakoelekea, na swali lile lile likirudiwa huona jibu lake la kwanza halikutakiwa, akatoa jingine. Muulize mara moja, bila kumtajia jina la mtu. Akisema hajui, mpe maji anywe, na kwa jirani usiende leo.