Jina la Teskey linatoka wapi? Dada, kabla hujatuma hiyo amana soma hapa

Dada, zuia hayo malipo kwanza, salamu tutapeana baadaye.

Kwa wadau waliochelewa: dada ameolewa Ireland, mumewe ni Teskey. Anauliza jina hilo asili yake ni nini, liko zaidi kaunti gani, anunue kipimo gani cha DNA, na je, pasipoti ya mtoto ibebe Teskey peke yake au iungane na jina la kwao. Halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayeongelea bei ya nyanya, kasema kuna "mtaalamu wa koo" mtandaoni anataka amana ya yuro 350 amtengenezee ngao (ile nembo ya ukoo) na historia ya "ukoo wa kale wa Kigaeli wa akina Teskey", azawadiwe baba mkwe akitimiza miaka 80. Hapo ndipo nilipotoa macho.

Hakuna ukoo wa kale wa Kigaeli, yaani wa Waayalandi wa asili, wa akina Teskey. Haupo. Teskey wa Ireland ni Wapalatini, yaani wakimbizi wa Kijerumani. Huyo mtaalamu wako hajafungua hata ukurasa mmoja, na najua kwa sababu mimi ngao ya namna hiyo ninayo, iko nyuma ya kabati, imegeuziwa ukutani.

Mimi nimeoa Limerick. Jina la ukweni silitaji maana mama mkwe siku hizi anatafsiri kila kitu kwa simu, na habari hii bado anaitumia kunichamba mbele ya wageni. Ila ni jina la kundi hilohilo: Switzer, Ruttle, Sparling, Shier, Delmege, Embury, Heck, Bovenizer, Teskey. Yote haya yaliingia Ireland mwaka 1709. Majeshi ya Ufaransa yalikuwa yamechoma miji yao ya kandokando ya mto Rhine mwishoni mwa miaka ya 1680, vita vikaendelea, kisha ikaja baridi ya 1708 kuingia 1709 ikaua mizabibu. Watu wakateremka na mto hadi Rotterdam, wakavuka hadi London, wapatao 13,000, wakalala kwenye mahema Blackheath. Serikali ya Malkia Anne haikujua iwafanye nini. Wengine ikawapakia kwenda Amerika, na kama 3,000 ikawapeleka Ireland, ambako wenye mashamba walitaka wapangaji Waprotestanti. Wengi hawakukaa, baada ya miaka michache walishaondoka. Waliobaki, sehemu kubwa ni wale wa kwenye ardhi ya Thomas Southwell, jirani na mji wa Rathkeale, magharibi mwa Kaunti ya Limerick, vitongoji vya Courtmatrix, Killeheen na Ballingrane. Kikundi kingine kilikuwa Wexford, pande za Gorey na Old Ross, na baadaye baadhi ya wale wa Limerick walihamia Kilcooly, Tipperary.

Basi swali lako la "liko wapi" jibu lake ni hilo, anza Rathkeale. Hata mchoraji Donald Teskey ni mzaliwa wa Kaunti ya Limerick. Wa ng'ambo watafute Ontario, Canada. Kule kuna kijiji cha Appleton ambacho zamani kiliitwa Teskeyville.

Sasa nisikilize vizuri nilivyopigwa.

Baba mkwe alikuwa anatimiza miaka 70. Mimi mkwe mpya, mtu wa Tanga, nataka nionekane. Nikasema nisimuulize mzee chochote, nimfanyie kitu cha kumshangaza. (Alishangaa, hilo lilifanikiwa.) Nikampata jamaa mtandaoni, tovuti ina rangi ya kijani, kinubi, na picha ya ngome kwenye ukungu. Akaniuliza mambo mawili tu: jina la ukoo na kaunti. Hakuuliza babu wa mzee aliitwa nani. Hakuuliza walikuwa dini gani. Nikaona huyu ni bingwa, hahitaji maelezo mengi! Kumbe mtu asiyekuuliza kitu ni kwa sababu majibu yake ameshayaandika kabla hujaja, anabadilisha jina tu.

Baada ya wiki chache ikaja faili. Jina la ukweni limebandikwa "Mac" mbele, kama majina ya Kigaeli. Kuna mtemi. Mtemi anapigana na Waviking, anashinda, anapewa ng'ombe. Kuna ngao ina simba wawili wekundu, upanga katikati, na utepe wa Kilatini chini. Nikamuonyesha shemeji yangu mmoja kwa siri, akasema "mh". Ile "mh" ningeielewa leo ningekuwa na pesa zangu.

Kisha jamaa akafungua "hatua ya pili": anakwenda kutafuta majina yenyewe kwenye rejista za ubatizo za Kanisa Katoliki, analipwa kwa saa. Saa zikaanza kwenda. Kila nikiuliza naambiwa anaendelea, mwandiko wa mapadri ni mbaya, Kilatini kinachosha. Nalipa. Ilipofika yuro 900 na ushee nikamwambia nipe hata jina moja. Akanijibu kwa huzuni kubwa kwamba rekodi za Ireland ziliungua Dublin mwaka 1922, pole sana, ndiyo maana hakuna kitu.

Dada, hiyo sentensi ya 1922 watakuambia na wewe, kwa hiyo nataka uijue ndani nje. Ni kweli, tarehe 30 Juni 1922, kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe, jengo la nyaraka za serikali pale Four Courts lililipuka na kuteketea. Sensa za 1821 hadi 1851 zikaenda, isipokuwa vipande. Rejista za mamia ya parokia za Anglikana zilizokuwa zimehifadhiwa mle zikaenda. Lakini rejista za Kikatoliki hazikuwa mle! Zilikuwa kwenye parokia zao zenyewe, na tangu 2015 Maktaba ya Taifa imeziweka mtandaoni bure, picha kwa picha. Yaani jamaa alinitoza kutafuta kwenye vitabu ambavyo havikuungua, kisha akasema havina kitu kwa sababu viliungua. Na vilikuwa bure. Nikikumbuka hilo, chai inanikauka mdomoni.

Tena sikwambii bado lililo baya zaidi. Hata angevisoma vyote, asingewakuta, maana ukweni kwangu ni Wamethodisti tangu enzi za John Wesley mwenyewe, mwasisi wa Umethodisti, ambaye alikuwa akipita Ballingrane kuhubiri. Kanisa lao pale limepewa majina ya Philip Embury na Barbara Heck, Wapalatini wa hapohapo walioondoka bandari ya Limerick mwaka 1760 na kwenda kuanzisha Umethodisti New York. Huyo Barbara kabla ya kuolewa aliandikwa Ruckle, au Ruttle, inategemea nani ameshika kalamu. Kutafuta watu wa namna hiyo kwenye rejista za Kikatoliki ni kutafuta nyama ya nguruwe Ng'ambo ya Unguja, utazunguka hadi jioni.

Siku ya sherehe ikafika. Ukumbi umejaa, mimi nimeshika fremu ya mbao, nzito, nimeilipia na yenyewe. Mzee akafungua, akavaa miwani, akaitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Akaweka kidole kwenye simba mmoja, akaniuliza taratibu, "Na huyu ni nani?" Mama mkwe akatoka nje kucheka. Mzee ni muungwana, hakunitia aibu. Alisema tu watu wao walikuja na majembe, upanga hawakuwa nao. Kisha akaniambia nifungue droo ya chini ya meza ya televisheni. Mle mna Biblia ya familia, kurasa za mwanzo zimejaa majina, tarehe za kuzaliwa, na kitongoji, mkono wa mtu mmoja baada ya mwingine, wino unabadilika rangi. Meza hiyohiyo nilikuwa naweka juu yake kikombe cha chai kila Jumapili.

Ndiyo maana nasema: mtu kwanza, kisha dini yake, kisha kitongoji chake. Jina liache hadi mwisho. Anayeanza na jina anakuuzia jina.

Na ngao, nisije nikasahau. Kwa taratibu za ngao za Ireland, ngao hupewa mtu na uzao wake, haigawiwi kwa kila anayeitwa hivyo. Kuna ofisi ya serikali kabisa ya kazi hiyo, ya Mkuu wa Ngao, chimbuko lake ni 1552, na ilikabidhiwa kwa serikali ya Ireland mwaka 1943. Hao wa mtandaoni wanachukua ngao ya mtu mwingine mwenye jina linalofanana kidogo, wanakuprintia. Ni halali kutundika picha ya simba ukutani, hakuna atakayekukamata, lakini usimwambie mzee wa miaka 80 kwamba ni simba wake.

Kuna atakayekuja hapa chini aseme, "mbona jina lenyewe linasikika kama la Kiayalandi?" Ndugu yangu, sikio halijui historia. Pale Mombasa ukikutana na Fernandes utamwambia kwao Lisbon? Kwao Goa. Na Ireland mchezo unakwenda pande zote mbili: kuna akina Smith wengi wa Kaunti ya Cavan ambao ni Wagaeli kabisa, mababu zao ni Mac Gabhann, jina likageuzwa Kiingereza. Embury wa Rathkeale unayemdhani Mwingereza, Wajerumani walimwandika Imberger. Delmege alikuwa Dolmetsch. Makarani wa London mwaka 1709 waliandika walichosikia, makarani wa Limerick wakaandika walichosikia kutoka kwa hao. Kwa hiyo ukitafuta Teskey jaribu pia Tesky, Teskie, Taskey, na chochote ambacho karani mwenye mafua angeweza kuandika.

Dini nayo usiichukulie kijuujuu, inakuokolea miaka. Serikali huko Ireland ilianza kuandikisha vizazi, vifo na ndoa za watu wote mwaka 1864. Lakini ndoa zisizo za Kikatoliki zilianza kuandikishwa 1845. Wapalatini wako wanaingia humo. Cheti cha ndoa kinataja baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi, na kazi zao. Yaani ndoa moja ya 1850 inaweza kukupa mtu aliyezaliwa miaka ya 1790, na haihusiani na moto wowote. Na Wamethodisti kwa muda mrefu walibatizia watoto kwa Waanglikana, kwa hiyo usishangae mtu wa kanisa dogo la Ballingrane ukamkuta kwenye kitabu cha kanisa kubwa la mjini.

Mahali pa kuanzia ni sensa ya 1911, ipo bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Dublin. Usiishie kwenye orodha iliyochapwa, fungua picha ya fomu yenyewe, ile iliyojazwa na mwenye nyumba kwa mkono wake. Mimi ya ukweni nilipoifungua nilikaa nayo usiku mzima. Safu ya dini: Mmethodisti, Mmethodisti, Mmethodisti, hadi mtoto mchanga. Anajua kusoma na kuandika. Mkulima. Amezaliwa Kaunti ya Limerick. Safu ya lugha ya Kiayalandi iko tupu. Mbele ya mke: miaka ya ndoa, watoto waliozaliwa hai, watoto walio hai leo, na tarakimu hizo mbili hazilingani. Na kitongoji chao kimetajwa humohumo kwenye sensa. Hapo unatembea na kitongoji hicho kwenda kwenye Griffith's Valuation, orodha ya ardhi na wapangaji, ile ya 1847 hadi 1864, uone nani alipanga shamba kwa nani, kisha kwenye vitabu vya zaka vya 1823 hadi 1837. Vyote bure. Vyote! Mimi nililipa yuro 900 kupelekwa mbali na mlango uliokuwa wazi.

Kama amana umeshaituma kwa kadi, piga simu benki leo, usingoje Jumatatu. Kisha mpigie baba mkwe mwenyewe, mwambie unataka kujua babu yake aliitwa nani na alizikwa wapi. Mwache aongee, atakueleza hadi mbwa wa jirani, wewe andika. Ukipata jina la babu na kitongoji, tafuta fomu ya 1911 uiweke hapa kwenye uzi. Mwandiko ukikushinda tutausoma pamoja, mimi herufi zao za S na L nimeshazizoea.