Shangazi, bia ninayopika nyumbani imenijazia watu uani, niache?

Barua ya wiki hii imetoka kwa kijana wa Msaranga, Moshi, ana miaka 36, mke na watoto wawili. Anafanya kazi ofisini na hobi yake ni kutengeneza bia nyumbani, bia ya shayiri kabisa, ananunua kimea na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na kuifanya ikae, na hamira, anachemsha sufuria kubwa Jumamosi asubuhi, anaacha ichachuke kwenye ndoo ya lita 20 halafu anajaza chupa. Mwanzoni aliwaita majirani wachache waonje wakaipenda. Sasa kila Jumamosi jioni uani kumejaa, wengine hata majina hawajui, na wiki ambayo hakupika walimnunia. Mkewe ndiye anayeosha chupa na hamna anayeleta hata kilo ya sukari. Washkaji wanamwambia aanze kuuza, mmoja akaenda mbali zaidi, akasema iliyobaki waipitishe kwenye mtambo watoe kitu kikali. Kilichomkosesha usingizi ni mke wa fundi magari, jirani yake anayekuja kunywa pale, alimsimamisha njiani mbele za watu akamwambia "wewe ndio umeniharibia mume." Anauliza, shangazi niache kabisa au ninaonewa?

Marahaba mwanangu. Usiache. Ila hilo geti lako la Jumamosi lifunge, kuanzia Jumamosi hii inayokuja, na nitakuambia kwa nini sio uchoyo.

Wewe umekulia huku unajua mbege, pombe yetu ya Uchagani ya ndizi na ulezi. Ulezi unalowekwa unachipua, unaanikwa, unasagwa, ndizi mbivu zinachemshwa masaa na masaa halafu zinaachwa zichachuke, msesewe, lile gome la mti, unatiwa kwa ajili ya ule uchungu, kisha vyote vinakutanishwa, yaani ni kazi ya siku kadhaa na mikono mingi. Na ikishaiva haisubiri mtu, ukiiacha siku mbili tatu inakuwa kali haina raha tena. Ndio maana mbege siku zote ilikuwa na shughuli yake, posa, msiba, kumaliza ugomvi wa mipaka ya kihamba (shamba la ukoo), watu waliokuja kusaidia kazi shambani, mama anajua siku gani iive na nani anakuja, wazee wanapewa kata kwanza, pipa likiisha limeisha watu wanaenda kwao. Hakuna aliyehitaji kumfukuza mgeni, pombe yenyewe ilikuwa inamaliza kikao.

Sasa wewe umeleta pombe ya aina nyingine kwa watu wenye mazoea ya mbege na hapo ndipo mambo yalipokuharibikia, sio kwenye ukarimu wako. Bia yako ina hopsi, imefungwa kwenye chupa, inakaa miezi. Haina siku ya kuisha. Jumamosi hii zipo, ijayo zipo, na mtu akishajua zipo atakuja, hata mimi ningekuja! Lakini jambo hilohilo ndilo litakalokuokoa maana bia yako inaweza kusubiri, mbege haiwezi. Kwa hiyo pika hata kila wiki ukitaka, hiyo ndio raha yako na ni raha nzuri ya mtu mzima anayependa kujifunza kitu, ila weka chupa stoo zisubiri shughuli. Kipaimara cha mtoto wa jirani, harambee ya barabara ya mtaani, mwenzenu kahamia nyumba mpya, Desemba watu wote wanapopanda mlimani kwa wazazi. Unawaita watu kwa majina, unasema nimeandaa chupa kadhaa kwa ajili ya jambo hili, zikiisha zimeisha. Utashangaa jinsi wale usiowajua majina watakavyopotea wenyewe, na wale wa kweli watakavyobaki wakija na nyama ya kuchoma mkononi.

Watakaonuna wacha wanune.

Halafu kuna nguvu ya hicho kinywaji, hili naomba ulichukulie kwa uzito. Mbege nyingi ni nyepesi na watu wamezoea kunywa kata nzima wakaongeza nyingine. Bia ya nyumbani mtu anaweza kuipeleka asilimia 7 hata 8 bila kukusudia, ni kuzidisha kimea au sukari tu, na kwa mdomo huisikii. Kama una haidromita, kile kipimo kinachoelea kuonyesha uzito wa sukari ndani, pima kabla ya hamira na pima ikimaliza kuchachuka, ikianza kwenye alama ya 1.050 ikaishia 1.010 hiyo ni kama asilimia 5, andika kwenye chupa kwa makapeni watu waone. Kama huna, nunua kabla hujanunua kimea kingine. Na joto la Moshi si la Arusha, sisi huku chini Februari nyumba inafika nyuzi 30 na hamira nyingi za bia zinataka kama 18 mpaka 22, zikipata joto zinatoa ule ukali unaowapa watu kichwa kibaya asubuhi, wanasema bia ya fulani ina dawa. Ndoo iweke kwenye beseni la maji na ifunike kwa taulo lililolowa, sehemu ya sakafu yenye kivuli. Na sukari ya kwenye chupa usikadirie kwa kijiko, pima kwenye mzani, gramu 6 au 7 kwa lita na tena iwe imemaliza kabisa kuchachuka, chupa ikipasuka mkononi mwa mtoto hutakuwa na la kusema.

Kuuza, hapana, sio hivi. Kuuza pombe kunataka leseni, kuna sheria ya vileo tangu 1968, na siku mtu anakosana na wewe uani ndiye huyohuyo atakayeenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Ila mimi sababu yangu kubwa ni nyingine. Ukishapokea hela ya mtu, huwezi kumwambia leo inatosha nenda nyumbani. Sasa hivi bado unaweza. Kama siku moja unataka iwe biashara kweli, fanya biashara, Arusha kuna kiwanda kinachotengeneza mvinyo wa ndizi na kimeanza kidogo kikakua, lakini hilo ni la kukaa na mkeo na karatasi na kalamu, sio la washkaji wakiwa wameshakunywa. Na huyo wa mtambo mwambie hapana kavu mbele ya wenzake. Hiyo ni gongo, hata iwe imetoka kwenye shayiri ya bei gani, ni kosa la jinai na watu wanaungua na wanapofuka kwa hayo mambo. Asirudie kulitaja kwako.

Mkeo. Hujaniuliza habari zake, umeandika sentensi moja tu kwamba anaosha chupa, na mimi nimeisoma hiyo sentensi mara nyingi kuliko barua nzima. Hobi ni yako mwanangu, chupa ni zako. Mtu anayepika ndiye anayeosha, na kwenye bia kuosha ndio nusu ya kazi yenyewe maana ndoo chafu inaharibu lita 20 zote. Muulize anataka Jumamosi jioni iwe ya nini, halafu nyamaza umsikilize mpaka amalize. Na zile siku za shughuli mwombe yeye ndiye aseme nani anaalikwa. Kimea cha ulezi nacho kitumie, pikeni togwa inywewe siku hiyohiyo, watoto wapate, na majirani Waislamu na walokole wenu wapate sababu ya kukaa kwenye benchi lilelile.

Sasa fundi. Hukumharibu wewe, mtu hafiki huko kwa bia ya jirani ya Jumamosi, kuna uwezekano mkubwa anakunywa Jumatatu pia na wewe humuoni. Lakini kwako anakunywa bure na kwa heshima, akiwa amekaa na watu wazima wenzake, na mkewe anajua hilo ndio maana hasira yake imekuja kwako haikwenda kilabuni. Hajakuonea sana. Alikuwa anatafuta mtu mmoja wa kumsikiliza.

Kwa hiyo usimkimbie njiani. Na fundi mwenyewe usimwambie mbele za watu, usimtolee mfano, usimnyime chupa wengine wanakunywa wakimuangalia. Mtafute gereji asubuhi akiwa mzima, mwambie kaka mimi nakupenda na kwangu karibu siku zote, chai ipo chakula kipo, ila bia sitakupa tena. Atakasirika. Kaa naye hivyohivyo. Kitu kimoja tu uwe makini nacho, kama ni mtu anayeamka mikono inatetemeka, anatoka jasho mpaka apate ya kuzimulia, asiambiwe aache ghafla peke yake nyumbani, mwili uliozoea ukikatiwa mara moja unaweza kupata degedege na mtu akafa. Huyo anatakiwa hospitali, Mawenzi ipo hapo mjini na KCMC ipo, akamwambie daktari ukweli anakunywa kiasi gani kwa siku, atasaidiwa kushuka taratibu kwa dawa. Jitolee kumpeleka wewe kwa usafiri wako, na ukae naye foleni.

Kwa mkewe nenda mchana, uende na mkeo, kabla ya hiyo siku ya kwenda gereji. Mwambie kwamba kwako hatapewa tena na umuulize yeye anataka umwambieje mumewe, maana anamjua kuliko wewe. Msamaha kwa kukusema mbele za watu usiudai.