Pembe za Waviking zilitoka jukwaani

Mwanangu akichora Mviking humwekea pembe kwenye kofia. Mwalimu wake kamkatalia. Nani yuko sahihi? (Baba wa darasa la nne)

Mwalimu. Mwaka 1943 kule Gjermundbu, Norway, ilichimbuliwa kofia ya chuma ya zama za Waviking, wale mabaharia wa kaskazini mwa Ulaya wa karne ya 8 hadi 11, ikiwa vipande vipande. Ilipounganishwa ikaonekana ni duara tu, na mbele ina kinga ya macho mithili ya miwani. Pembe hamna. Aliyezieneza ni mbunifu wa mavazi, Carl Emil Doepler, aliyewavika waimbaji wa opera, yaani tamthilia ya kuimbwa, ya mtunzi Richard Wagner huko Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1876. Kofia mbili za pembe zimewahi kupatikana Veksø, Denmark, lakini zimewatangulia Waviking kwa zaidi ya miaka 1,500. Hata hivyo, mtoto asinyimwe maksi za kuchora.

Eti Bluetooth ya simu ni jina la mfalme?

Ndiyo. Harald wa Denmark, karne ya 10, aliyepewa lakabu ya Jino la Buluu, kwa Kiingereza Bluetooth. Ile alama kwenye simu yako ni herufi zake mbili za kale, H na B, zimebebanishwa.

Vitabu vya safari za kaskazini naona vya wanaume tu. Wanawake hawakwenda? (Dada msomaji)

Walikwenda, dada, na wakaandika. Mwandishi Mwingereza Mary Wollstonecraft alizunguka Sweden, Norway na Denmark mwaka 1795 akiwa na bintiye mchanga. Barua zake zikawa kitabu mwaka uliofuata. Ila mimi nampenda zaidi Ida Pfeiffer wa Vienna. Alingoja wanawe wakue ndipo akafunga virago. Mwaka 1845, akiwa na miaka 47, akashuka Iceland, akapanda farasi, akaukwea mlima Hekla. Nyumba za wenyeji zilikuwa za udongo wa majani, zenye moshi na unyevu, kwa hiyo usiku mara nyingi alilala kanisani. Na huko nako watu walijaa kumkodolea macho. Alitarajia kukuta watu wa hadithi za kale. Akakuta wavuvi na wafugaji wenye shida zao, akaandika hivyo hivyo, tena kwa ukali ambao nadhani ulizidi. Mgeni anayelazwa kanisani angepunguza lawama kidogo.

Wanawake wa Kiviking wenyewe walisafiri, au walibaki nyumbani?

Masimulizi ya Iceland yanamtaja Gudrid, aliyevuka bahari hadi Amerika akajifungua mtoto wa kiume huko, na uzeeni akaenda kuhiji Roma. Masimulizi yaliandikwa karne mbili baadaye, mtu anaweza kuyatilia shaka. Lakini pale L'Anse aux Meadows, Newfoundland, Kanada, Waviking walipowahi kuweka makazi, kwenye machimbo yaliyosimamiwa na Anne Stine Ingstad miaka ya 1960, kilitoka kijiwe laini chenye tundu katikati, cha kusokotea uzi wa sufu. Kusokota ilikuwa kazi ya wanawake.