Maji yaliyobaki sikioni tangu jana baharini

Ndugu yangu, kama sikio limeziba tu tangu jana na haliumi, usihangaike. Inamisha kichwa upande huo, vuta sikio juu na nyuma kidogo ili njia yake inyooke, kisha tafuna au piga miayo. Maji yakigoma kutoka, tumia draya ya nywele kwa moto wa chini kabisa, sentimita 30 kutoka sikioni, huku ukiisogezasogeza. Vijiti vya pamba achana navyo! Vinashindilia nta ndani, nayo nta ikilowa huvimba. Mara nyingi kinachoziba ni hiyo, si maji. Spiriti na siki, ambazo wengine hutia kukausha sikio, usitie kama ngoma ya sikio iliwahi kutoboka. Likianza kuuma, kutoa usaha, au siku 2 zikipita bado limeziba, muone daktari.