Nikiuliza kuna shida, wote wanasema hakuna

SWALI: Dada shikamoo. Mi ni msimamizi wa zamu kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti huku Kizota, Dodoma, na wengi ninaowasimamia wamenizidi umri. Juzi mashine imekufa katikati ya msimu, fundi alivyofungua akasema beringi ilishaisha siku nyingi, na kumbe vijana walikuwa wanaisikia inapiga kelele! Kila asubuhi nawauliza "kuna shida yoyote?" wananijibu hakuna bosi. Nikiwaita niwaulize kwanini hamkusema wanaangalia chini tu, samahani bosi, samahani bosi. Niwe mkali zaidi au nifanyeje?
Msimamizi, Kizota

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana, msimu wa alizeti haumsubiri mtu. Ukali hapana kabisa, ukiuongeza hata hiyo samahani hutaipata.

Anza na hilo swali lako la asubuhi. "Kuna shida yoyote?" linajibika kwa neno moja na kila mtu pale anajua neno gani litayamaliza haraka aende kazini, halafu anayesema ipo mbele ya wenzake anaona kama kajitwisha lawama. Waulize kitu wanachokiona kwa macho yao: jana mashudu, yale makapi yanayobaki alizeti ikishakamuliwa, yalitoka vipi, makavu au bado yana mafuta? Mashine ilianza kubadilika sauti muda gani, kabla haijapata moto au baada? Yule anayesimama kwenye mashudu anajua vitu ambavyo kwenye daftari lako la zamu havipo, akiyashika mkono ukalowa mafuta anajua kabisa kuna kitu hakiko sawa huko ndani, ila hajawahi kuulizwa mashudu, anaulizwa shida.

Na hiyo "kwanini hamkusema" uiache, maana hapo unatafuta mkosaji na wao wanalijua hilo. Kwanini iulize mashine. Kule Toyota wana desturi ya kuuliza kwanini mara 5, na injinia wao Taiichi Ohno alikuwa na mfano wake: mashine imesimama kwanini, fyuzi imekatika kwa kuzidiwa mzigo, imezidiwa kwanini, beringi haikupata oili ya kutosha, kwanini haikupata, pampu ya oili haivuti vizuri, haivuti kwanini, shafti yake imelika, imelika kwanini, hakuna chujio, vipande vya chuma vikaingia. Hakuna jina la mtu hata moja hapo, na wangeishia swali la kwanza wangebadilisha fyuzi tu, baadaye ikakatika tena. Sasa kaeni na timu yako muifuate hiyo beringi yenu hivyohivyo: grisi iliwekwa lini mara ya mwisho, nani anatakiwa kuweka, na grisi yenyewe inakaa wapi, isije ikawa imefungiwa stoo na mwenye funguo anaingia saa 4.

Hao waliokuzidi umri usiwaulize mbele ya vijana. Mfuate mzee pembeni, shikamoo yake mpe, mwambie "mzee, zamu hii ungekuwa unasimamia wewe, ungeanza kurekebisha nini?" Ukishauliza nyamaza. Hapa ndo mabosi wengi wanaharibu, anauliza halafu mtu hajavuta hata pumzi keshajijibu mwenyewe. Acha kimya kiwepo, akianza kuongea usimkatize, we sema tu "ehe, halafu ikawaje?"

Siku ya kwanza mtu akikuletea habari mbaya jua wote wanakuangalia sura. Mshukuru, na ulichoambiwa kifanyie kazi siku hiyohiyo hata kama ni kidogo, kama kaomba glovu nenda kanunue, la sivyo maswali yako yote wataona ni porojo. Na usishtuke matatizo yakionekana kuongezeka. Profesa mmoja wa Marekani, Amy Edmondson, miaka ya 1990 alichunguza makosa ya dawa hospitalini akitegemea timu zenye uongozi mzuri zitakuwa na makosa machache, akakuta ndo zina mengi kwenye ripoti, akaja kuona ni kwa sababu kule watu walikuwa huru kuyasema, kwingine wanayaficha. Kwahiyo mwezi ujao ukianza kusikia mara mkanda umelegea mara gunia limeingia na mawe, hayo yote yalikuwepo tangu zamani mdogo wangu, sasa hivi ndo unaambiwa.

SWALI: Timu yangu iko ofisini Mtumba, mimi nazunguka wilayani, Kongwa, Mpwapwa, Chemba huko, tunakutana grupu la WhatsApp tu. Nikiuliza "mmenielewa?" wanarusha dole gumba. Nitajuaje kama wameelewa kweli?

JIBU: Kwa dole hutajua. Mpigie mmoja, umuulize "kesho asubuhi unaanza na nini, na nini kinaweza kukukwamisha?" Akianza kuelezea utasikia mwenyewe palipopotea. Na kesho yake mpigie mwingine, usimchoshe huyohuyo.